Kiti Bila Kura: Mwakilishi wa Wafanyakazi Wasiofundisha Katika Baraza la Chuo Kikuu

Kisa hiki ni cha chuo kikuu kimoja cha umma nchini Kenya. Jina la chuo, mji, miaka na vyeo ambavyo vingeweza kumtambulisha mtu vimeondolewa au kubadilishwa. Kimeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa mabaraza ya vyuo, maofisa wa sheria na viongozi wa vyama vya wafanyakazi wanaofikiria kufanya jambo kama hili kwao.

Usuli

Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 ililifanya Baraza la chuo cha umma kuwa dogo. Kifungu cha 36 kinataja watu tisa tu: mwenyekiti, Katibu wa Wizara inayosimamia elimu ya vyuo vikuu, Katibu wa Wizara ya Fedha, watu watano wanaoteuliwa na Waziri baada ya nafasi kutangazwa hadharani, na Naibu Chansela, ambaye yumo kwa sababu ya wadhifa wake. Zamani kila chuo kilikuwa na sheria yake, na mabaraza mengine yalijaa watu hata kikao kikawa kama mkutano wa hadhara. Nia ya kupunguza ilieleweka. Baraza likiwa dogo huamua haraka, na mtu hawezi kujificha nyuma ya wingi wa wenzake.

Walioachwa nje hawakuachwa kwa kiwango kimoja, na hapa ndipo kisa chetu kinapoanzia. Wahadhiri wana Seneti, na sauti yao kuhusu masomo na mitihani haipingiki kirahisi. Wanafunzi wana chama ambacho sheria hiyohiyo inakitambua. Makarani, mafundi wa maabara, wakutubi, wapishi, madereva, walinzi na wahasibu wana vyama vya wafanyakazi peke yake, na chama cha wafanyakazi hukutana na mwajiri hasa pakiwa na mgogoro. Mwaka mzima ukipita bila mgogoro, hakuna anayewauliza kitu.

Katika chuo hiki wafanyakazi wasiofundisha walikuwa wengi kuliko wahadhiri. Walikuwa na vyama viwili, kimoja cha madaraja ya chini na kingine cha madaraja ya kati, na vyama hivyo havikupatana sana. Tatizo lililowauma wote lilikuwa makato. Kila mwisho wa mwezi hati ya mshahara ilionyesha fedha zilizokatwa kwa ajili ya pensheni, sacco na mikopo ya benki, lakini fedha hizo zilichelewa kufika zilikopaswa, na miezi mingine hazikufika kabisa. Mfanyakazi aliyelipa mkopo wake kwa uaminifu alijikuta ameorodheshwa CRB, taasisi inayotunza kumbukumbu za wakopaji, kama mtu asiyelipa. Anayejua vyuo vya umma vya Kenya katika miaka hii hatashangaa, kwani upungufu wa fedha za serikali uliacha madeni ya aina hiyo katika vyuo vingi.

Ukaja mgomo. Ulipomalizika, mkataba wa kurejea kazini ukawa na sentensi moja iliyoingizwa usiku wa mwisho wa mazungumzo: kwamba uongozi utatafuta njia ya kuwashirikisha wafanyakazi wasiofundisha katika maamuzi ya Baraza. Hakuna aliyeifafanua. Waliotia sahihi, nadhani, kila upande uliisoma ulivyotaka.

Njia zilizofikiriwa

Mwenyekiti wa Baraza alimwomba ofisa wa sheria maoni. Jibu lilikuwa fupi: Baraza haliwezi kujiongezea mjumbe wa kumi, kwa sababu idadi imewekwa na Bunge. Kubadilisha idadi ni kubadilisha sheria.

Zikabaki njia tatu. Ya kwanza ilikuwa kupeleka ombi Bungeni. Vyama viliipenda, lakini ingechukua miaka na hatima yake haikuwa mikononi mwa chuo. Ya pili ilikuwa kumwomba Waziri amteue mfanyakazi awe mmoja wa wale watano. Ofisa wa sheria aliipinga: nafasi hizo hutangazwa kwa umma, na mtu hawezi kuwekewa kabla hazijatangazwa. Ya tatu ilikuwa kumwalika mwakilishi katika kamati za Baraza, aketi, asome makabrasha, azungumze, asipige kura.

Baraza lilichagua ya tatu, na sababu zake zinafaa kutajwa bila kejeli. Wajumbe kadhaa waliogopa kwamba wakimpa mfanyakazi mmoja nafasi, kesho watadai wahadhiri na keshokutwa wanafunzi, na Baraza litarudi kule lilikotoka. Wengine walisema mfanyakazi ana maslahi katika karibu kila jambo linalojadiliwa. Mwenyekiti mwenyewe alitaka jaribio. Aliwaambia wenzake kuwa Baraza linaamua mambo ya mabweni, maabara na jikoni kwa kutegemea taarifa za watu ambao hawajaingia jikoni kwa miaka.

Azimio lilipitishwa: mwalikwa mmoja, katika kamati ya fedha na ujenzi na katika kamati ya rasilimali watu, kwa miaka miwili. Angetoka nje mkataba wa mishahara unapojadiliwa. Angetia sahihi kiapo cha siri kama wajumbe.

Uchaguzi

Nani achague? Vyama vilisema ni haki yao kumteua. Uongozi ulitaka uchaguzi wa wafanyakazi wote, kwa hoja kwamba wapo wasio wanachama wa chama chochote. Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, ila kila mtu alijua pia kwamba uongozi hautaki kuketi na katibu wa chama aliyeongoza mgomo. Mwishowe kura ya siri ikakubaliwa kwa wafanyakazi wote wasiofundisha, kwa sharti kwamba mtu mwenye wadhifa katika chama asigombee.

Sharti hilo lilionekana dogo siku ile. Madhara yake tutayaona mbele.

Aliyeshinda alikuwa msimamizi wa mabweni aliyekaa chuoni kwa muda mrefu, mama anayejulikana na wapishi, walinzi na wanafunzi kwa usawa. Hakuwa msemaji wa majukwaani, na huenda ndiyo sababu alichaguliwa.

Miezi ya kwanza

Vikwazo vya mwanzo vilikuwa vya kawaida kabisa, wala hakuna aliyekuwa amevifikiria. Wajumbe walipewa vishikwambi ambamo makabrasha ya kikao hupakiwa wiki moja mapema. Mwalikwa hakuwemo katika orodha ya vifaa, kwa hiyo alipata makaratasi jioni ya kuamkia kikao, kurasa nyingi za Kiingereza cha wahasibu. Mkuu wake wa idara alimtaka ajaze fomu ya likizo kila siku ya kikao. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba hii ilimchukua Msajili miezi kadhaa kuifungua: barua kwa idara kwamba kikao ni kazi, nakala za makabrasha siku ileile wajumbe wanapopata, na ofisa wa fedha mmoja wa kumweleza tarakimu kabla ya kikao.

Likaja suala la posho. Wajumbe hulipwa posho ya kikao. Je, mwalikwa? Akilipwa, wenzake watasema amenunuliwa. Asipolipwa, anafanya kazi ya ziada bure huku aliyeketi kando yake analipwa. Kamati iliamua alipwe nauli na chakula pekee, naye akakubali. Nauli ile iliendelea kusemwa kantini kwa miezi, ikikua kila iliposimuliwa.

Alipoanza kusikika

Kikao kilichobadilisha mtazamo wa wajumbe kilihusu usafi. Uongozi ulileta pendekezo la kutoa usafi wa mabweni kwa kampuni ya nje. Jedwali lilionyesha kwamba kandarasi ingekuwa nafuu. Mwalikwa aliomba nafasi akauliza sabuni, mifagio na dawa za vyoo zitanunuliwa na nani. Kwa mujibu wa rasimu, chuo kingeendelea kuvinunua. Akauliza wasimamizi wa zamu watalipwa na nani. Chuo pia. Hesabu ya wafanyakazi wa chuo ilikuwa imejumuisha vitu hivyo, hesabu ya kampuni haikuvijumuisha. Hapakuwa na hila, ila aliyelitengeneza jedwali hakuwahi kuendesha bweni. Pendekezo lilirudishwa, na liliporudi tena tofauti ya gharama ilikuwa imeyeyuka kiasi kwamba uongozi wenyewe uliliondoa.

Tangu siku hiyo mwenyekiti wa kamati akawa anamtazama kabla ya kufunga hoja yoyote ya majengo.

Lililofuata lilikuwa kubwa zaidi, ingawa lilianza kwa swali la mstari mmoja wa taarifa ya fedha. Mstari ule ulijumlisha madeni yote ya chuo yaliyochelewa: wauzaji wa chakula, umeme, makandarasi, na makato ya wafanyakazi, yote katika jumla moja. Mwalikwa aliomba makato yatenganishwe. Ofisa wa fedha alisema ni deni kama madeni mengine. Hapo mjumbe mmoja wa kuteuliwa, aliyewahi kufanya kazi benki, alimkatiza: fedha ya mwuzaji wa mchele ni deni la chuo, lakini fedha iliyokatwa kwenye mshahara wa mtu ilikuwa ya mtu huyo tayari, na kifungu cha 19 cha Sheria ya Ajira ya 2007 kinamtaka mwajiri aifikishe inakopaswa.

Kikao kijacho tarakimu zilikuja zimetenganishwa. Wajumbe walishtuka. Walikuwa wamepitisha taarifa zile robo baada ya robo bila kujua kilichomo ndani yake. Kamati iliagiza mambo mawili: makato ya mwezi unaoendelea yalipwe kabla ya mwuzaji yeyote, na kila mwezi iletwe taarifa ya ukurasa mmoja inayoonyesha kilichokatwa na kilichopelekwa. Malimbikizo ya nyuma yakapangiwa awamu, na awamu hizo zilisuasua. Makato mapya yalianza kufika.

Mgogoro

Mwaka wa pili uongozi ulileta mpango wa kupunguza wafanyakazi. Kabrasha lilikuwa na alama ya siri. Lilitaja idara, si majina, lakini katika chuo ambacho idara ina watu sita, kutaja idara ni sawa na kutaja watu.

Mwalikwa alilisoma, akatoa hoja zake ndani ya kamati, na hakumwambia mtu nje. Siku chache baadaye habari zilikuwa zimeenea chuo kizima. Aliyezitoa hakujulikana. Wajumbe, wakuu wa idara, makatibu muhtasi na ofisa aliyechapa kabrasha wote walikuwa wameliona.

Kila upande ulijua pa kuelekeza kidole. Uongozi ulidhani ni yeye aliyevujisha. Wafanyakazi walimlaumu kwa kinyume chake, kwamba alijua wiki nzima akanyamaza. Viongozi wa vyama, ambao hawakuwahi kumkubali kikamilifu, waliwaambia wanachama kwamba huyu hakuwa mwakilishi wao, alikuwa mtu wa uongozi aliyepewa nauli. Kwa kuwa sharti la uchaguzi lilikuwa limewatenga viongozi wa vyama, hapakuwa na mtu hata mmoja ndani ya vyama aliyewajibika kumtetea.

Mwenyekiti wa kamati alijaribu kutuliza mambo kwa kuamua kwamba mwalikwa asihudhurie ajenda yoyote inayogusa ajira. Uamuzi ulikuwa na nia njema lakini uliondoa sababu nusu ya yeye kuwepo. Aliandika barua akiuliza kiapo chake kinamfunga hadi lini na anaruhusiwa kuwaambia nini waliomchagua. Barua ilijibiwa kwamba suala linashughulikiwa.

Mwisho wake

Muda wa wajumbe kadhaa wa Baraza ulimalizika, wakaja wengine na mwenyekiti mpya. Alipoletewa azimio la mwalikwa ili lihuishwe, aliuliza linasimama juu ya kifungu gani cha sheria. Halikusimama juu ya kifungu chochote, kwa kuwa lilikuwa hisani ya Baraza lililopita. Halikukataliwa rasmi. Liliachwa tu nje ya ajenda, na kiti kikaisha.

Mpango wa kupunguza wafanyakazi uliendelea kwa kiwango kidogo kuliko ulivyopendekezwa. Taarifa ya kila mwezi ya makato haikufutwa, na Baraza jipya liliendelea kuidai. Vyama viwili, ambavyo kabla ya hapo havikuwahi kuandika barua moja pamoja, viliungana kutayarisha ombi la kubadilisha kifungu cha 36.

Uchambuzi

Watu wengi waliosikia kisa hiki husema kosa lilikuwa kumnyima kura. Sikubaliani. Pitia tena vikao vya sabuni na makato: kura isingeongeza chochote pale. Kilichofanya kazi ni kwamba mtu anayejua jambo kwa mikono yake alikuwa chumbani wakati taarifa inasomwa, na alikuwa na ruhusa ya kuuliza. Kamati yenye watu wasomi ilipitisha jumla moja ya madeni kwa muda mrefu kwa sababu hakuna mmoja wao ambaye mkopo wake wa sacco ulikuwa ndani ya jumla ile.

Kiti kilivunjika kilipofika kwenye mamlaka, na kilivunjikia mahali patatu palipoungana.

Mahali pa kwanza ni siri isiyo na mwisho. Mwakilishi alifungwa kinywa bila kuambiwa kifungo kinaisha lini. Hili lilikuwa na jibu ambalo sheria ililitoa zamani. Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira kinamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu kwa kuwa kazi zao hazihitajiki tena alijulishe chama chao na ofisa wa kazi angalau mwezi mmoja kabla, akieleza sababu na ukubwa wa mpango. Siku ya taarifa hiyo ilikuwa lazima ifike. Kamati ingeweza kumwambia mwalikwa waziwazi: nyamaza hadi siku barua inapokwenda kwa vyama, na kuanzia siku hiyo sema hoja ulizozitoa humu. Angewarudia wenzake na kitu mkononi. Badala yake aliachwa na kiapo tupu, naye hakuwa mtu wa kukivunja.

Pili ni mgongano wa maslahi, uliopimwa kwa mizani mbili. Hoja kwamba mfanyakazi ana maslahi binafsi ni ya kweli. Lakini Naibu Chansela naye ni mfanyakazi wa chuo, anaketi Barazani, na masharti ya kazi yake hujadiliwa humohumo. Kwake utaratibu ni rahisi: anatoka jambo lake linapojadiliwa, kisha anarudi. Hakuna aliyewahi kupendekeza asiketi katika ajenda zote za ajira. Mwalikwa alistahili utaratibu huohuo, kutoka kwenye majadiliano ya mkataba wa mishahara kama ilivyokubaliwa mwanzoni, na kubaki kwenye mengine.

Tatu, na kwa maoni yangu hili ndilo lililoua kiti, mwakilishi hakuwa na nyumba. Kuwatenga viongozi wa vyama kulionekana ni ushindi wa uongozi, na vyama vilikubali shingo upande. Matokeo yake ni mtu aliyechaguliwa na wote lakini hana pa kurudisha taarifa wala wa kumlinda. Scotland ilikutana na mvutano huuhuu na haikuchagua upande. Sheria yake ya uongozi wa elimu ya juu ya 2016 inataka bodi ya chuo iwe na watu wawili waliochaguliwa na wafanyakazi wote, na juu ya hao mtu mmoja aliyeteuliwa na vyama kutoka kwa wahadhiri na mwingine kutoka kwa wasiofundisha. Aliyechaguliwa na aliyeteuliwa wanaketi meza moja, na hakuna anayeweza kudai kuwa mwenzake si halali.

Ile hofu ya Baraza kufurika nayo ina jibu, tena la hapa hapa barani. Sheria ya Elimu ya Juu ya Afrika Kusini ya 1997 inataka baraza la chuo cha umma liwe na wafanyakazi wasio wahadhiri waliochaguliwa na wenzao, lakini inataka pia angalau asilimia 60 ya wajumbe wawe watu wasioajiriwa na chuo na wasio wanafunzi wake. Wafanyakazi wamo, na hawawezi kuliteka. Uganda nayo, katika sheria yake ya 2001, iliwapa wafanyakazi wa utawala na wa huduma wajumbe wao katika mabaraza ya vyuo vya umma. Chuo Kikuu cha California kina washauri wawili wa wafanyakazi wasio na kura mbele ya bodi yake, mfano ulio karibu zaidi na wa kisa chetu, lakini kule nafasi hizo ni mpango wa kudumu wenye muda wa utumishi unaojulikana, haufi mwenyekiti akibadilika.

Je, basi Baraza lingepaswa kusubiri hadi sheria ibadilishwe? Hapana, lilifanya vizuri kuanza. Bila jaribio lile, makato yangebaki yamezikwa kwenye jumla ya madeni. Kosa lilikuwa kuliacha jaribio liwe azimio la watu badala ya utaratibu wa chombo. Lingeweza kuingizwa kwenye kanuni za kamati za Baraza, ambazo Baraza jipya hulazimika kuzijadili ili kuzifuta. Kuacha kuweka jambo kwenye ajenda ni rahisi, ilhali kufuta kanuni mbele ya kumbukumbu za kikao humtaka mtu atoe sababu.

Vyama vilipoanza kuandika ombi lao kwa Bunge, rasimu ya kwanza ilidai wajumbe wawili, mmoja kwa kila chama. Msimamizi wa mabweni, ambaye sasa aliombwa ushauri na watu walewale waliomwita mtu wa uongozi, aliwashauri waandike mmoja, achaguliwe na wote, na vyama viwe na haki ya kuita mkutano wa kumsikiliza kila baada ya kikao. Aliongeza kipengele kimoja cha kushangaza kwa wanasheria: kwamba makabrasha yamfikie siku ileile yanapowafikia wajumbe wengine. Wanasheria walisema hilo ni jambo la kanuni, si la sheria. Alikataa kuliondoa.